Pingili Tano Kuvuka Bwawa

Ulikuwa mwaka tulioacha kula ugali wa yanga. Nyinyi wa rika langu mnaujua: ugali wa njano wa msaada, unaonuka gunia, ukiumega unakatika kama udongo wa kichuguu. Tuliula mpaka ukatutoka puani. Halafu maduka ya Mwembesongo yakajaa. Ukaja mkate, ikaja sukari isiyopangiwa foleni, ukaja mchele wa ng'ambo, mweupe, mrefu kama kucha za bibi harusi, ndani ya mifuko ya sandarusi yenye maandishi mekundu ambayo hata mwalimu wetu hakuweza kuyasoma. Neno lilikuwa moja, ruksa. Kuuza ruksa, kununua ruksa, kuvaa suruali iliyovaliwa na Mzungu tusiyemjua ruksa. Mchele tukaula. Mifuko yake mjomba wangu akaikusanya, akaishona kwa mkono, ikawa tanga la boti.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya harufu. Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, alileta mashine ya boti akaiweka barazani kwangu, ubavuni mwa mikungu ya ndizi ninayoivisha. Petroli na ndizi mbivu. Nilipofungua mlango asubuhi ikanipiga usoni, nikashika nguzo. Mjukuu wangu Zena akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Mimi si mtu wa kuumwa hovyo. Nimezaa sita, wote nimewalea, na shingo hii imeshusha magimbi kutoka mlimani miaka na miaka, bado imenyooka. Shule niliishia darasa la nne. Lakini hili nalijua kuliko waliosoma, na nitalisema.

Kwetu ni mlimani, Uluguru, upande unaotazama barabara ya Iringa. Chini yetu palikuwa na majaruba ya mpunga, mto ukazibwa, pakawa bwawa. Zamani mama zetu walishuka, wakakata moja kwa moja mpaka barabarani kwenye malori. Bwawa lilipojaa ikabidi walizunguke, mwendo wa kuchosha, mzigo kichwani, jua linawapanda mgongoni.

Na kuna jambo la kwetu lazima mlishike, maana bila hilo hamtanielewa. Kwetu mzigo hautuliwi popote. Njia nzima ya kushuka ilikuwa na mawe matatu ya kupumzikia, yanajulikana, na hapo tu ndipo mwanamke anatua. Anayetua katikati ya njia, wanasema, ameacha nuksi pale chini, na atakayeiokota ni anayemfuata nyuma. Mama yangu sikuwahi kumwona akitua nje ya jiwe. Siku moja nyoka alikatiza mbele yetu. Mama alisimama wima na mkungu wake kichwani, akamwambia, "Pita bwana, una haraka kunishinda." Alikuwa anaitwa Zena, huyu mjukuu wangu ni jina lake.

Sasa mjomba Kibwana, kaka yake mama. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Baba ni mtu wa heshima, anapewa kiti, lakini watoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama akisema, limesemwa. Wakati wa biashara kubanwa alikuwa anaficha sabuni ndani ya godoro. Ruksa ilipokuja akapanua kifua. Akaenda Dar, akarudi na lori lililobeba boti ya mbao, mashine ya kufunga nyuma, na mtu mwembamba wa pwani, Nahodha Hamadi, mwenye kofia iliyopauka na macho yanayotazama juu ya kichwa chako kila akizungumza nawe. Nilidhani ana dharau. Kumbe alikuwa anatazama upepo kwenye miti.

Siku ya kwanza wanawake walipanda, wakakaa, na mizigo yao kichwani.

"Mama zangu," Nahodha akasema, "tueni mizigo."

Bi Mwanaidi, jirani yetu, mnene, mwenye mdomo kuliko soko, akamjibu, "Tutue? Tuitwishe boti ya watu wakati vichwa tunavyo?"

"Boti haijui kichwa, mama. Imekubeba wewe na kila kilicho juu yako."

"Hayo ndiyo maneno ya pwani. Kubeba hamjui, mnajua kubebwa!"

"Na nyinyi maji mnayajua kwenye kikombe."

Wakacheka wote, na yeye akacheka. Lakini hakuivuta kamba ya mashine mpaka kila mzigo uwe chini, katikati, umelala sakafuni. Akawaambia hapo ni jiwe la nne, hakuna nuksi. Wakakubali shingo upande. Bi Mwanaidi alipotua kata yake ya kichwani ya majani ya mgomba aliiomba radhi kwa sauti.

Tumboni mwa boti, kwa nje, Nahodha alikuwa amezungusha mstari mweupe wa rangi. Maji yasiupite. Basi, sheria yake ilikuwa hiyo moja.

Mjomba alikuwa na saa ya mkononi, inang'aa lakini mishale yake imelala. Ndiyo maana akaniajiri mimi. Alinikalisha mbele kabisa, akanipa muwa, akaniambia nitafune bila kukimbia wala kuchelewa, nimhesabie pingili mpaka ng'ambo. Malori ya ndizi hayakuwa yanangoja mtu, na mjomba alitaka kujua boti yake ina mbio gani. Nikawa mpimaji. Boti tupu, asubuhi, upepo umelala: pingili tatu. Imejaa watu na mizigo hadi kwenye mstari: pingili tano. Upepo ukiwa usoni: saba, na taya zinauma. Ukoga ukiota tumboni mwa boti, pingili moja inaongezeka, mpaka Nahodha aivute nchi kavu aikwangue kama sufuria iliyoungua. Hadi leo nikila muwa naona maji.

Mjomba alitaka tatu na mzigo juu. "Ongeza mashine!" alikuwa anapiga kelele. Nahodha akiongeza, kelele ndiyo inayoongezeka.

"Bwana Kibwana, kila chombo kina mbio zake, zimepigiliwa pamoja na mbao zake. Ukilazimisha zaidi hupati mbio, unachimba shimo. Geuka uone."

Nikageuka na mimi. Boti ilikuwa imekalia matako, pua imeangalia mbingu, nyuma yetu wimbi limesimama kama kilima na maji yanachungulia ndani.

"Na tanga je? Si tunalo tanga?"

"Tanga na mashine si ng'ombe wawili wa jembe moja. Upepo ukiwa nyuma, mashine ikiukimbia, tanga linalala. Upepo ukiwa ubavuni, tanga linakusukuma lakini linakulaza pia. Ukiwa mwepesi unainuka. Ukiwa mzito..." Akaacha hapo, akatazama miti.

Kisha ikaja siku yangu. Mrija wa petroli ulikuwa unavuja, Nahodha ameinama nyuma anaufunga kwa mpira wa baiskeli, mjomba akashika usukani. Bi Mwanaidi na wenzake wakaona Nahodha hatazami, wakakaa na mizigo kichwani kama walivyozoea. Boti imejaa vilevile, mpaka kwenye mstari. Nikatafuna. Tulipogusa ng'ambo nilikuwa nimemaliza pingili nne.

Nne! Nikazitazama zile kambakamba za muwa miguuni mwangu nikazihesabu tena. Watu walewale, ndizi zilezile, pingili moja imepungua. Nikawatazama wale mama wanavyoshuka na mikungu yao. Nikajua. Nikamwambia mjomba, naona fahari hadi masikio yanawaka, "Mjomba, mizigo ikiwa kichwani boti haiisikii."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa habari ya mvua. "Umehesabu vizuri?"

"Nimehesabu."

"Huyu ndiye mtoto wa ukoo wetu!" Akanipa muwa mzima, wa kwangu, wa kula bila kuhesabu.

Kumbe siku ile upepo ulikuwa unatoka mlimani, nyuma yetu kabisa, unatusukuma taratibu. Nywele zangu zilikuwa zinaniingia machoni nikiangalia mbele. Nilizitoa kwa mkono, nikaendelea kuhesabu.

Ikafika siku ya kuamkia Idi. Mji mzima unataka ndizi, mlima mzima umeshuka. Watu walisongamana ukingoni kama sisimizi kwenye muwa. Mjomba akawa anapakia. Nahodha akasimama ndani ya maji, magoti yamelowa, ameweka kiganja tumboni mwa boti, akasema, "Imetosha. Mstari umezama."

"Mizigo watabeba kichwani," mjomba akasema. "Tumeshapima."

"Mmepima na nini?"

"Na muwa."

Nahodha akanitazama. Kwa mara ya kwanza alinitazama mimi, si juu ya kichwa changu. Nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Bwana Kibwana, mimi nimezaliwa juu ya maji. Hapa ilipofika huwezi kuipa mbio, utaipa kaburi. Na ona miti kule korongoni inavyogeuza majani. Ule upepo unashuka."

"Basi na wewe shuka. Kushuka ni ruksa."

Watu wakaangua kicheko. Nahodha alivaa kofia yake, akachukua kifurushi, akaenda zake kwa njia ya miguu. Hakugeuka nyuma.

Wakapanda. Pa kukaa hapakuwapo, wakasimama wamebanana, kila kichwa na mzigo wake. Ukiangalia ni shamba la migomba limeota ndani ya boti. Dada yangu Tatu, aliyenizidi miaka minne, na kikapu chake cha njegere, alishaweka mguu mmoja ndani. Mama alikuja nyuma, mkungu kichwani, mkono mmoja umeushika, mkono wa pili umenishika mimi. Akafika ukingoni akasimama.

"Zena, panda, tumechelewa."

"Kaka, ule mstari uko wapi?"

"Mstari ni rangi tu. Rangi nilinunua mimi."

Mama akayatazama maji. Akatazama wale waliosimama. Akasema, si kwa ukali, kama mtu anayesema chumvi imekwisha, "Sipandi, na mzigo wangu haupandi."

Kwetu mwanamke hamkatalii kaka yake mbele ya watu. Bi Mwanaidi akaona alipoze jambo kwa utani wake: "Zena, leo shingo imechoka? Lete huo mkungu, kichwa changu bado kina nafasi!" Wakacheka, na kwa kucheka tu boti ikayumba. Kicheko kikakatika katikati.

"Zena," mjomba akasema, "mimi nani wako?"

"Kaka yangu."

"Na hawa watoto wa nani?"

"Wa ukoo."

"Basi baki na mkungu wako. Watoto wanapanda. Tatu, ingia. Na wewe mpimaji, njoo." Akaninyooshea muwa.

Nitasema ukweli, sina wa kumwogopa sasa. Nilitaka kwenda. Nilivuta mkono wangu kwa nguvu, nikamng'ata mama kiganja. Nilimwonea aibu. Nilikuwa nimegundua jambo ambalo Nahodha mzima hakulijua, na mama yangu alikuwa ananinyima kuliona likifanya kazi. Muwa nikaupokea, mkono haukuachiwa. Tatu akaingiza mguu wa pili. Mjomba akavuta kamba ya mashine mara moja, mara mbili, ikanguruma, harufu ya petroli ikajaa ukingo mzima.

Mama alikuwa na mikono miwili tu. Mmoja umenishika mimi, mmoja umeshika mkungu.

Akainamisha shingo. Mkungu ukaanguka kwenye tope, kata ikabingirika ikaingia majini. Kwa mkono uliobaki wazi akamdaka Tatu mgongoni, kwenye lile gauni lake jipya la mtumba, vifungo vikaruka, njegere zikamwagika, Tatu akaangukia maji ya magoti analia kwa aibu. Na wale wanawake wote wakaguta kwa pamoja. Si kwa ajili ya Tatu. Kwa ajili ya mkungu.

"Ametua!"

"Zena ametua chini!"

Mjomba akatema mate majini. "Kaa na nuksi yako." Akaondoa boti.

Nikabaki na muwa. Nikautafuna kwa hasira, na kwa mazoea nikawa nahesabu kwa sauti. Pingili ya kwanza walikuwa bado kwenye kivuli cha mlima, maji yametulia kama mafuta, wanakwenda polepole mno, nikashangaa kwa nini hawakimbii na mizigo iko kichwani. Mjomba naye nadhani alishangaa, maana akapandisha tanga na mashine akaikamua mpaka mwisho. Mbio hazikuja. Pua ikapanda, matako yakakaa, vilevile kama Nahodha alivyoonyesha. Maji yakaingia kwa nyuma. Waliokuwa nyuma wakasogea.

Pingili ya pili upepo ukatoka korongoni. Niliuona unavyokuja juu ya maji, doa jeusi lenye mikunjo, linakimbia. Ukalipiga tanga ubavuni. Boti ikalala, na kilichotangulia kulala ni mizigo. Mtu mwenye mzigo kichwani akiyumba, anaufuata mzigo wake. Ile mikungu yote iliinama upande mmoja, taratibu, kama migomba inavyoinama kwenye tufani. Na hakuna aliyetua. Nawaambieni, hakuna hata mmoja. Mikono yote ilikuwa juu, imeshika. Halafu boti haikuwapo. Mashine ilinguruma kidogo chini ya maji, ikanyamaza. Nilikuwa na maji ya muwa mdomoni, sikuweza kuyameza wala kuyatema.

Wanaume walikata migomba wakaogelea juu ya magogo yake, wakawaokoa wengi. Bi Mwanaidi hakuokolewa, na wengine wanne. Mjomba alipatikana jioni, amejiviringisha kwenye tanga, yale maandishi mekundu ya mchele yako kifuani pake. Idi ile hakuna aliyepika.

Mnadhani watu walisema nini msibani? Mstari? Upepo? Walisema Zena alitua mzigo njiani, waliomfuata wakaiokota nuksi. Alimkatalia kaka yake na akatua, yote kwa siku moja. Tangu hapo mama akishuka na mzigo, wanawake wenzake walikuwa wanangoja atokomee kwanza kwenye kona ndipo na wao waanze safari. Hakuna aliyekubali kutembea nyuma yake. Miaka. Nilikuwa natembea mimi, na Tatu, basi. Mama hakujitetea hata kwa neno moja. Na mimi niliyejua ule ujinga wa mizigo kichwani ulitoka kinywani mwa nani, nilifunga huo huo mdomo.

Nilimwambia nikiwa nimeshazaa mtoto wangu wa kwanza, tunamenya maharage. Nilianza toka kwenye pingili nne mpaka mwisho. Hakuinua uso.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ukingoni ulikuwa unahesabu kwa sauti, na kushangaa mbona hawakimbii."

"Mbona hukuwaambia watu, mama?"

"Mtoto hatwishwi mzigo wa mkubwa. Shingo ninayo." Akanisogezea ungo. "Menya."

Huyo ndiye mama yangu. Mkiniona natembea nimenyoosha shingo msiseme bibi huyu ana majivuno. Ndiyo, ninayo.

Juzi mkwe wangu kaishusha boti yake bwawani. Nzuri, siikatai: ina mashine kubwa, ina tanga la rangi rangi la kupendezesha wageni, ina maboya ya kuvaa. Nilikwenda na Zena, nimejitwisha mkungu wa ndizi mbivu za kuwakirimu hao wageni. Vijana kutoka mjini, wamesimama ndani, kila mmoja ameinua simu juu ya kichwa anajipiga picha.

"Shikamoo mama," mkwe akasema, ameinama kwa adabu zake zote. "Panda na mjukuu wako. Wakikuona wewe umepanda, hata waoga watapanda."

"Marahaba. Inabeba wangapi?"

"Kumi, mama."

Darasa la nne, lakini kuhesabu najua. Walikuwa kumi na sita, na wengine wanavua viatu.

"Na upepo?"

"Upepo si kitu, mama. Mashine hii ina nguvu."

Nikatazama tumbo la boti. Mstari alikuwa ameuchora, mwekundu, kafuata sheria. Uko chini ya maji, unachezacheza kama mnyoo. Zena alikuwa ananivuta, "Bibi twende, bibi twende," ananivuta kwa nguvu zilezile, na kiganja changu kikaniuma mahali palepale nilipomng'ata mama. Nikainamisha shingo. Mkungu ukaanguka mchangani, ndizi mbivu zikapasuka, wageni wakashusha simu zao.

"Sipandi, na mzigo wangu haupandi."

Mkwe akanitazama, akatazama ndizi, akatazama mstari wake. Si mjinga yule, nisingempa binti. Akazima mashine. Akawashusha watu, mmoja mmoja, wengine wananung'unika, mpaka ule mwekundu ukatoka majini unang'aa. Halafu akaja kwangu, akaokota zile ndizi nzima nzima, akazifunga kwenye kanga yangu, akanitwisha mwenyewe kwa mikono miwili.

"Haya mama, wamebaki wanane. Mstari unauona. Nafasi zenu ndizo hizo mbili, yako na ya mjukuu. Sasa utapanda?"

Nikamshika Zena mkono vizuri. Nikatazama miti ya korongoni, inageuza majani.

"Sipandi, na mzigo wangu haupandi."